Umesoma Sana, Nani Atakuoa?

Barazani na Bi Mwanaisha: maswali ya wasomaji na majibu yake

Assalaam aleikum wasomaji wangu. Barua za mwezi huu nyingi ni za mawifi na madeni ya harusi, na hizo nitazirudia mwezi ujao inshallah. Leo nafasi karibu yote nimempa binti mmoja wa Kibokoni. Barua yake niliifungua nikiwa kwenye feri ya Likoni, nikaifunga kabla sijaimaliza. Usiku nikaisoma tena, na usingizi ulichelewa kuja. Majina nimeyaacha, kama ilivyo desturi yetu.

SWALI

Shikamoo Bi Mwanaisha. Mimi ni msichana wa miaka 27, mzaliwa wa Kibokoni, Mji wa Kale. Nimesomea uhasibu, nafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na mwaka huu nimeanza shahada ya pili, masomo ya jioni. Nimelelewa na nyanya yangu. Tangu niko darasa la tatu, kila usiku baada ya Isha tulikuwa tukikaa mkekani kutazama tamthilia za Meksiko. Zilikuwa zimetiwa sauti za Kiingereza, na nyanya Kiingereza hakijui, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikimfasiria: huyu amesema hivi, yule amemjibu vile.

Miezi minne iliyopita nilikuja kuposwa na kijana mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kongowea. Alinisikia redioni, kwenye kipindi ambacho huwa naalikwa kuzungumzia akiba na mikopo. Alisema mbele ya wazee kwamba anataka mke mwenye akili na maneno yake. Mahari yakakubaliwa. Wiki tatu baadaye shangazi yangu akaja na ujumbe. Niache masomo ya jioni, kwa sababu mwanamke anayerudi saa tatu usiku hana heshima. Nisiende tena redioni, kwa sababu sauti yangu inasikilizwa na wanaume. Lakini kazi nisiache, kwa sababu mshahara wangu utasaidia kodi ya nyumba ya Bombolulu.

Nilipouliza, shangazi akanambia, "Umesoma sana, nani atakuoa? Shukuru umepata." Nilipolia akasema ni zile tamthilia zilizoniharibu, kwamba wanawake wa Meksiko hawana staha na ndio niliowaiga.

Nataka kujua mambo mawili. Je, wanawake wa kule wako huru hivyo anavyosema shangazi? Na mimi nifanye nini? Nikinyamaza naonekana nimeridhika, nikisema naonekana sina adabu.

Mwari wa Kibokoni

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Nitaanza na Meksiko, kwa sababu shangazi yako ameisingizia nchi nzima, na kwa sababu huko kuna mwanamke ninayetaka umjue kabla hujamjibu mtu yeyote.

Tamthilia zile nami nimezitazama. Hebu kumbuka ulichokuwa ukimfasiria nyanya. Binti mwema ni maskini, anafua, analia, anasamehe. Mbaya ni yule avaaye nyekundu na kusema analolitaka, na mwishowe hupata ajali ya gari au akaingia wazimu. Mtu akiziiga tamthilia zile kwa ukamilifu atakuwa mnyamavu kuliko hata anavyotaka shangazi. Uhuru haukuwa mle.

Kwa miaka minne nilikuwa na jirani Nyali, mama wa Kimeksiko, mwenyeji wa mji wa Puebla. Ijumaa asubuhi alikuwa akija kwangu tukapika pamoja, mimi nikimfundisha Kiswahili na yeye akinifundisha Kihispania cha jikoni. Tulikuwa na mengi ya kuzungumza hapo jikoni, maana mahindi na pilipili tunavyoviona vyetu asili yake ni huko kwao. Siku moja nikamsimulia kisa cha mwanafunzi wangu wa zamani aliyeambiwa maneno yale yale uliyoambiwa wewe. Hakushangaa hata kidogo. Aliacha kukanda unga, akafuta mikono, akanipa misemo miwili ya kwao. Wa kwanza: *Calladita te ves más bonita*, yaani ukinyamaza ndipo upendezapo. Wa pili: *Mujer que sabe latín, ni tiene marido ni tiene buen fin*, mwanamke ajuaye Kilatini hapati mume wala hapati mwisho mwema. Ni kauli ya shangazi yako hasa, mwanangu, ila imejitanda rebozo badala ya leso. (Rebozo ni shuka refu la wanawake wa kule: hujifunika kichwa, hubebea mtoto, hujikinga baridi. Kazi zote za leso.)

Msichana wa Meksiko hukua katikati ya mama wawili. Wa kwanza ni Bikira wa Guadalupe. Wakatoliki wa kule huamini kwamba mwezi Desemba mwaka 1531 alimtokea Juan Diego, mwenyeji wa asili ya nchi ile, kwenye kilima cha Tepeyac, na sura yake ikabaki kwenye vazi la mtu huyo. Kila tarehe 12 Desemba watu humiminika hapo kwa mamilioni. Huyo ni mama safi, mvumilivu, ndiye kipimo. Wa pili ni Malintzin, ambaye wengi humwita La Malinche. Mwaka 1519 watu wa Tabasco waliposhindwa vitani na Wahispania, walimpa kiongozi wao Hernán Cortés wanawake 20, naye alikuwa mmoja wao. Alijua Kinahuatl na Kimaya, lugha mbili za wenyeji, akawa mkalimani wa Cortés, akamzalia mtoto wa kiume. Mpaka leo mtu wa kule anayependa vya wageni kuliko vya kwao huitwa *malinchista*.

Nalifikiria sana hilo. Msichana ametolewa kama mbuzi wa zawadi. Hakuulizwa. Kitu pekee alichobaki nacho ni ulimi, akautumia ili aishi. Mpaka leo yeye ndiye msaliti, na jina lake limefanywa tusi. Wale waliomtoa hakuna aliyewatungia neno. Wewe uliyekuwa mkalimani wa nyanya mkekani utaelewa kwa nini roho yangu iko kwake.

Lakini niliyetaka umjue ni mwingine: Juana Inés de la Cruz, mtawa na mshairi. Alizaliwa katikati ya karne ya 17 huko San Miguel Nepantla. Wazazi wake hawakuwa wameoana. Mama yake hakujua kusoma, na aliendesha shamba kubwa. Habari za utoto wake kaziandika mwenyewe. Kabla hajatimiza miaka mitatu alimfuata dada yake kwa mwalimu, akamwambia mwalimu kwamba mama ameagiza naye afundishwe. Ulikuwa uongo, na mwalimu aliujua, lakini alimfundisha. Jibini alilipenda, akaacha kulila kwa kuwa alisikia linatia uzito wa akili. Alipokuwa akijifunza Kilatini alikuwa akikata nywele zake na kujiwekea siku: zikirefuka kabla hajalijua somo alilokusudia, anazikata tena, kwa kuwa hakuona haki kichwa kilicho kitupu kupambwa kwa nywele. Alimwomba mama yake amvalishe nguo za kiume aende chuo kikuu Mexico City. Mama akakataa, naye akavimaliza vitabu vya babu yake.

Ujanani alichukuliwa jumba la mtawala kuwa msaidizi wa mke wake, akasifiwa kwa uzuri na kwa akili. Njia zilizokuwa mbele yake ni mbili, mume au utawa. Mwaka 1669 akala kiapo katika nyumba ya watawa ya San Jerónimo. Ameandika waziwazi kwamba ndoa hakuitaka kabisa, na kwamba mahali pale ndipo alipoona atapata kusoma.

Kuna shairi lake linaloanza *Hombres necios que acusáis*, enyi wanaume wapumbavu mnaolaumu. Jirani yangu alikuwa akilisoma kwa moyo huku akikoroga chungu, nami nikahesabu kwa vidole: mishororo minne kila ubeti, mizani minane kila mshororo. Mdundo wa utenzi kabisa! Humo anasema hivi. Mwanamke akiwakataa, mnamwita mkatili. Akiwakubali, mnamwita mwepesi. Mnapambana na msimamo wake mpaka uvunjike, kisha kwa uso wa heshima mnasema ulikuwa wepesi wake. Mmefanana na mtoto ajitengenezeaye zimwi halafu akaliogopa. Mmefanana na mtu apulizaye kioo kikaingia ukungu, kisha akalalamika hakioneshi. Halafu anauliza swali ambalo sijapata kusikia mtu akilijibu: ijapokuwa wote wamekosa, wa kulaumiwa zaidi ni nani, atendaye dhambi ili alipwe, au alipaye ili atende dhambi?

Mizani minane, mishororo minne: hapo huwezi kumsahau Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wa wasia mwaka 1858. Utenzi ule hutumiwa sana kuwanyamazisha mabinti zetu. Maneno ya kumtii mume yamo, siwezi kuyakana. Ila mimi niliyefundisha fasihi miaka 31 nina haki ya kuuliza kwa nini hatuwasomei mabinti mwanzo wake kwa sauti ile ile. Mama yu mgonjwa, maradhi yametimiza mwaka, na anamwita binti aje akae karibu na *wino na qaratasi*. Karne ya 19, mji wa kando ya bahari, mama anamwambia mwanawe wa kike ashike wino.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikuandikie kirefu hivi. Mwaka 1690 askofu wa Puebla alichapisha maandishi ya Juana yaliyokosoa mahubiri ya padri mmoja maarufu. Mbele yake akatia barua ya kumshauri apunguze elimu ya dunia. Askofu hakutia jina lake. Alitia sahihi "Sor Filotea", kana kwamba ni mtawa mwenziwe, mwanamke anayemshauri mwanamke. Neno lilikuwa la mwanamume, limevishwa buibui.

Soma tena barua uliyoniandikia. Nani amekwambia uache masomo? Shangazi. Nani amekwambia sauti yako ni aibu? Shangazi. Mwenye duka la Kongowea hajafungua kinywa tangu siku alipokusifu mbele ya wazee. Umejibizana na Sor Filotea wiki zote hizi, mwanangu.

Juana alimjibu huyo Filotea kwa barua ndefu ya tarehe 1 Machi 1691, ya adabu tupu, na ndani yake hakuacha hata moja. Akaitetea haki ya mwanamke kusoma. Akaeleza kwamba hata alipokatazwa vitabu kwa muda, aliendelea kusoma katika vitu, mpaka jikoni. Nimeona, anasema, kwamba yai katika mafuta hushikana na kukaangika, na katika shira huchanikachanika. Nimeona kwamba sukari ibaki laini yatosha kutiwa maji kidogo yaliyokaa tunda chachu. Na akasema kama Aristotle, yule mwanafalsafa wa Kiyunani, angalipika, angaliandika mengi zaidi.

Jumamosi nilijaribu. Sufuria ndogo, vikombe viwili vya sukari, kimoja cha maji, iliki mbili. Shira ilipoanza kutoa mapovu makubwa mazito nikavunja yai juu yake. Ute haukushikana. Ulikimbilia pembeni ukawa nyuzi nyuzi nyeupe, nyingine zikapanda na povu, na kiini kikabaki katikati peke yake kama kimeachwa na wenziwe. Katika kikaango cha pili, kwenye mafuta, yai jingine likatulia duara. Nikachukua shira nyingine safi nikaikamulia ndimu, kama afanyavyo kila mpika kaimati wa Mombasa ili isigande. Hilo ndilo tunda chachu la Juana! Nyanya yako analijua hili bila kusoma barua yoyote. Nilisimama pale na mwiko mkononi nikijiuliza ni mangapi tumeyaita "mapishi" na hatukuyaita elimu kwa sababu ya mahali yalipofanyikia.

Mwisho wake nitakwambia pia, kwa sababu sitaki kukudanganya. Miaka michache baada ya barua ile vitabu vyake vikauzwa, pesa wakapewa maskini, na uandishi wake ukanyamaza. Tarehe 17 Aprili 1695 alifariki kwa maradhi ya kuambukiza, akiwa anawauguza watawa wenzake. Mwaka uliofuata ndio Waomani walipoanza kuizingira Fort Jesus hapa kwetu, ndivyo zamani zenyewe zilivyo. Leo sura yake iko kwenye noti ya peso 100 ya Meksiko. Akiwa hai, alilipa gharama kubwa kwa kusema.

Basi la kufanya ni hili. Umeniambia ukinyamaza umeridhika na ukisema huna adabu. Usikae ukitafuta kiasi cha kusema kitakachowaridhisha wote, maana wanaoshika mizani hiyo wanaongeza jiwe kila ukikaribia. Mwombe walii wako aitishe kikao kidogo: wewe, yeye, kijana, na mzee mmoja wa upande wake. Ukumbini, mchana, kahawa na mahamri. Shangazi naye awepo, umkalishe mahali pa heshima, kwa sababu ni dada ya baba yako na kesho utamhitaji. Muulize kijana kwa kinywa chako mambo matatu tu: masomo, redio, mshahara. Muulize sauti aliyoiposa redioni ni ipi, na hii anayotaka inyamaze ni ipi. Kisha usiongeze neno. Mwache ajibu yeye.

Kuhusu mshahara, hilo lisikupe wasiwasi: katika dini yetu matunzo ya mke ni juu ya mume, na mali ya mke ni mali yake. Ukichangia kodi ya Bombolulu ni ihsani yako, na ihsani haipangwi na mwingine. Yatakayokubaliwa yaandikwe kabla ya nikahi, na nenda na walii wako kwa kadhi mkamuulize yapi yanafaa kuwekwa sharti.

Huenda kijana akasema ujumbe ule si wake, au umetiwa chumvi njiani. Hapo utakuwa umepata mchumba upya na umemjua mjumbe wako. Akisema ni wake na hatabadili, mimi kama ni binti yangu ningerudisha posa wiki hiyo hiyo. Posa ikivunjika watu watasema wiki mbili, tatu, mpaka harusi ya jirani ifike. Na mtihani wako wa jioni usiukose kwa sababu ya kikao hiki. Panga siku nyingine.

SWALI

Bi Mwanaisha, mimi ni dereva wa lori, naishi Changamwe. Safu yako huisoma mke wangu, nami huisoma akishamaliza. Kila mwezi wanaume ndio wabaya. Juzi umeandika kuhusu mabinti kunyimwa elimu ukatutaja sisi tu. Mbona wanaosema "binti asisome sana" ni akina mama wenyewe? Na dunia imebadilika, hata Meksiko sasa wana rais mwanamke.

Baba wa Mabinti Watatu

JIBU

Umenena kweli, baba, na ya kwanza imenigusa mimi mwenyewe. Mwaka 1994 wavulana wa shule nyingine walikuja shuleni kwetu kwa mdahalo. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja mkali wa hoja. Kabla hawajaingia nilimwita kando nikamwambia asiinue mkono kila mara, asije akaonekana mjuaji. Nilidhani namhifadhi. Alikaa mdahalo mzima mikono iko mapajani, na mada ile alikuwa akiijua kuliko wote waliosema. Uso wake naukumbuka mpaka leo. Mwalimu wa kike ndiye aliyefanya hivyo, tena anayempenda.

Kuhusu Meksiko, ni sawa, Claudia Sheinbaum aliapishwa tarehe 1 Oktoba 2024, na ana shahada ya uzamivu katika uhandisi wa nishati. Katika nchi hiyo wanawake walipata haki ya kupiga kura za kitaifa mwaka 1953 tu. Lakini nchi hiyo hiyo, tarehe 8 Machi 2020, barabara za Mexico City zilijaa wanawake wakilia juu ya wenzao wanaouawa, na siku ya pili yake wengi hawakwenda kazini, madukani wala mashuleni, ili kutokuwapo kwao kuonekane. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Rais mmoja hatoshi kumrudisha nyumbani salama binti atokaye kiwandani usiku.

Una mabinti watatu. Ukirudi safari na lori lako, kabla hujauliza kama chakula kiko tayari, muulize mkubwa wao amesoma nini juma hilo, na umsikilize mpaka amalize. Kisha niandikie tena.

SWALI

Bi Mwanaisha, binti yangu anatimiza miaka 15 mwezi ujao. Ameona kwenye simu sherehe za wasichana wa Meksiko, magauni makubwa na dansi, naye anataka vivyo hivyo. Baba yake amekasirika, anasema ni ukafiri na gharama. Nifanyeje?

Mama wa Tudor

JIBU

Mama mwenzangu, sherehe hiyo wenyewe huiita quinceañera. Huanza kanisani kwa misa, na hiyo si yetu, kwa hiyo hapo baba ana hoja. Yanayofuata ni ya kibinadamu tu. Msichana huvaa gauni pana, hupewa mwanasesere wa mwisho, na baba humvua viatu vya chini akamvalisha vya kisigino mbele ya wageni, kisha wakacheza pamoja.

Jirani yangu wa Puebla alinisimulia yake. Baba alipiga goti akamfunga mkanda wa kiatu, watu wakapiga makofi kwamba amekuwa mwanamke. Kesho yake asubuhi mama yake alimkalia kitako kumuuliza yule mvulana aliyemshika kiuno kwenye dansi ni nani wake. Na mvulana huyo mama mwenyewe ndiye aliyemchagua! Alinisimulia akiwa na miaka zaidi ya 50, na bado sauti ilimkwama.

Sisi hatuko mbali. Usiku wa kupamba tunamkalisha bibi harusi jukwaani, hina na piko mpaka mabegani, taa zote juu yake, ukumbi mzima unamkodolea macho, na tunamwagiza ainamishe uso asitazame mtu.

Kwa hiyo usikope. Pika biriani, waite wenzake wanane au kumi na nyanya zake wote wawili, alasiri, nyumbani. Baba anunue viatu, hata kama ni vya chini, amkabidhi kwa mkono wake, najua atalainika. Mwambieni binti mambo mawili matatu ya utu uzima ambayo mlikuwa mkiyaahirisha, na mkubaliane wewe na baba kabla hamjayasema, ili asisikie hili jikoni na kinyume chake sebuleni.

Na leso. Mpeleke Mtaa wa Biashara asubuhi kabla ya jua kali, lakini usimchagulie wewe. Muuzaji azitandaze, na binti asome majina yote mwenyewe, moja baada ya jingine, hata yale makali. Atakapofika kwenye lake utaliona usoni mwake.